Maswali yenu: Saratani ya kongosho na chakula cha kutuliza mwako

Barua za safari hii zimekuja kwa sura tofauti, lakini zote zinazunguka jambo moja: je, vyakula vinavyosifiwa kwa kutuliza inflamesheni vinamsaidia mtu anayetibiwa saratani ya kongosho? Inflamesheni ni ule mwako wa ndani ambao kinga ya mwili huuwasha inapopambana na jeraha, vijidudu au uvimbe. Hapa tutauita mwako tu. Tutangulie kusema wazi kwamba hakuna chakula kinachoondoa saratani hii. Kipo chakula kinachomwezesha mgonjwa kustahimili dawa, kubaki na nguvu za miguu na kulala bila tumbo kumsokota, na hilo si jambo dogo.

Baba amepungua kilo 7

*Shikamooni wataalamu. Baba yangu ana saratani ya kongosho. Tuliposoma kuhusu chakula cha kupunguza inflamesheni tuliondoa sukari, nyama, maziwa, mayai na mafuta yote. Anakunywa juisi ya mboga za majani mara tatu kwa siku, na jioni anakula mboga za kuchemsha na matunda. Alikuwa na kilo 64, na sasa, wiki ya tano, ana kilo 57. Daktari ameahirisha kemo (dawa za kuua chembe za saratani). Tumekosea wapi? – Binti wa mgonjwa*

Marahaba, binti yetu, na pole kwa kuuguza. Mlo mliomchagulia baba unamfaa mtu mzima mwenye afya anayetaka kupunguza kitambi: majani mengi, mafuta kidogo, kalori chache. Unapunguza uzito kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Baba anahitaji kinyume cha hapo, na mwili uliokonda kwa kasi hivyo hauvumilii kemo.

Mwako wa saratani hii hufanya kazi hivi. Uvimbe na chembe za kinga zinazouzunguka huachia kemikali za kupeana ishara, mojawapo ikiitwa interleukini-6. Zikifika kwenye ubongo, hamu ya kula inakatika. Zikifika kwenye ini, ini linapunguza kutengeneza albumini, protini kuu ya maji ya damu, na kugeukia protini za mwako kama CRP. Kwenye misuli, protini inavunjwa haraka kuliko inavyojengwa. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia huhesabiwa kuwa ameingia katika hali iitwayo kakeksia. Baba amepoteza karibu asilimia 11 kwa wiki 5. Kakeksia hairudi nyuma yote kwa chakula peke yake, lakini ukiongeza njaa juu yake mtu huisha upesi zaidi. Na mkiona albumini imeshuka kwenye majibu ya maabara, msidhani ni upungufu wa chakula tu, maana mwako wenyewe huishusha.

Msitupe yote mliyosoma. Katika mlo wa kutuliza mwako, chukueni vile vyenye nguvu nyingi kwa tonge dogo: mafuta ya zeituni, samaki wenye mafuta kama salmoni, sadini na vibua, parachichi, siagi ya karanga, dengu au maharage yaliyopondwa hadi yakawa laini, matunda yaliyoiva. Rudisheni mayai, maziwa, mtindi, kuku na nyama laini. Vya kuacha ni pombe, na hapo hatuna mjadala, kisha nyama za kusindikwa kama soseji, na vyakula vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwarudiwa. Kama anavuta sigara, aache, au angalau asaidiwe kuacha.

Sasa hesabu. Mwongozo wa lishe ya saratani wa chama cha ESPEN cha Ulaya unakadiria kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa kilo 57 hiyo ni kalori 1,425 hadi 1,710, na tungependa afikie protini gramu 70 hadi 85. Siku moja inaweza kupangwa hivi. Asubuhi, uji wa oti uliopikwa kwa kikombe cha maziwa halisi badala ya maji, umechanganywa vijiko viwili vya chakula vya unga wa maziwa na kijiko kimoja cha siagi ya karanga: kama gramu 20 za protini. Saa nne, mayai mawili ya kuvuruga, gramu 12. Mchana, samaki gramu 100, gramu 22, pamoja na viazi vilivyopondwa kwa mafuta ya zeituni. Alasiri, mtindi gramu 150 na nusu parachichi, kama gramu 7. Jioni, nusu kikombe cha dengu zilizopondwa pamoja na wali laini, gramu 8 au 9, na kabla ya kulala glasi ya maziwa, gramu 8. Jumla imezidi 75, na hakuna sahani hata moja iliyojaa pomoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Vijiko vitatu vilivyogawanywa katika milo ya siku vinaongeza 360 bila mgonjwa kuona chakula kimezidi.

Glasi ya juisi ya majani hujaza tumbo, na kalori zake ni chache mno. Kama anaipenda, mpeni nusu kikombe baada ya kula, kamwe si kabla.

Yapo mambo mawili ya tahadhari. Kama kwa siku tano au zaidi amekuwa akila karibu bure, msimjaze ghafla. Chakula kikirudi kwa kishindo, fosfeti, potasiamu na magnesiamu huweza kushuka kwenye damu kwa hatari; mpelekeni kwanza apimwe na apewe vitamini B1, kisha chakula kiongezwe kwa siku kadhaa. La pili, mpimeni uzito mara mbili kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda msalani, akiwa na nguo zilezile. Uzito ukipanda huku vifundo vya miguu vikivimba au tumbo likijaa, hayo ni maji. Msishangilie, mwambieni daktari.

Anakula vizuri, lakini chakula kinapita tu

*Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kichwa cha kongosho. Anakula vizuri lakini anazidi kukonda. Choo chake ni cha rangi ya krimu, kinaelea na kina harufu kali sana. Alipewa vidonge vya vimeng'enya; nampa kimoja asubuhi kabla ya chai na kimoja usiku anapolala. Sioni tofauti. Nimemwondolea mafuta yote. – Mke*

Pole, mama. Barua yako ndiyo tuliyotaka kila msomaji aisome, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotelea. Choo ulichokieleza ni choo cha mafuta. Kongosho hutengeneza lipasi ya kuvunja mafuta, proteasi ya kuvunja protini na amilasi ya kuvunja wanga. Sehemu yake ikikatwa, au mrija wake ukizibwa na uvimbe, chakula hupita utumboni bila kumeng'enywa. Mgonjwa anakula kwa ajili ya choo. Hata mafuta bora ya samaki hayatatuliza mwako wowote kama yanaishia chooni.

Dawa unayo mkononi, ila inatumika vibaya. Kapsuli za pankreatini, yaani hivyo vidonge vya vimeng'enya, hufanya kazi zikikutana na chakula tumboni, kwa wakati uleule. Ya usiku anapolala haina chakula cha kukutana nacho. Ya asubuhi kabla ya chai imetangulia mno. Kipimo nacho ni kidogo. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa 2021 unapendekeza kuanzia yuniti 50,000 za lipasi kwa kila mlo na 25,000 kwa kila kitafunio, kisha kupandisha kulingana na dalili. Tazama ubavuni mwa chupa: kama kila kapsuli ni 25,000, basi mlo unataka mbili na kitafunio kinataka moja. Kama ni 10,000, mlo unataka tano. Wengi huhesabu kapsuli badala ya yuniti, na dawa ikibadilishwa chapa wanaendelea na idadi ileile huku nguvu ikiwa imeshuka zaidi ya nusu.

Namna ya kumeza: ya kwanza pamoja na tonge la kwanza, ya pili katikati ya mlo. Mlo ukizidi dakika 20 hadi 30, zigawe zaidi. Ameze kwa maji baridi au ya uvuguvugu mdogo, si kwa chai ya moto, kwa sababu joto huharibu vimeng'enya. Asitafune wala kusaga. Chembe za ndani zimefunikwa ganda linalozilinda dhidi ya asidi ya tumbo, na ganda hilo likivunjwa mdomoni, vimeng'enya huanza kumeng'enya ulimi na fizi hadi vidonda. Akishindwa kumeza, fungua kapsuli, mwaga chembe kwenye kijiko cha tunda lililopondwa lenye uchachu kidogo, kama tofaa, ameze papo hapo bila kutafuna, kisha anywe maji asuuze kinywa. Usizichanganye kwenye sufuria au sahani nzima. Ziweke mahali pasipozidi nyuzi 25. Si juu ya jiko, si dirishani penye jua, si ndani ya gari.

Vyote vyenye mafuta, protini au wanga wa kutosha vinahitaji kapsuli, na hapa glasi ya maziwa na vinywaji vya lishe vya chupa husahaulika sana. Maji, chai ya rangi, soda na vipande vichache vya tunda havihitaji.

Mrudishie mafuta. Kumnyima mafuta kunapunguza choo cha mafuta machoni pako huku kukimnyima kalori na vitamini A, D, E na K zinazosafiri ndani ya mafuta. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa mlo, panda kila baada ya siku mbili tatu, na kapsuli zipande pamoja nayo. Nyuzinyuzi nyingi mno, kama pumba na mkate mzito wa nafaka zisizokobolewa, huweza kudhoofisha lipasi. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa mlo wa kutuliza mwako, kula nyuzinyuzi kadiri uwezavyo, haumfai mumeo kwa sasa.

Ndani ya siku chache za kipimo sahihi utaona gesi na kunguruma kwa tumbo kupungua, choo kikizama na rangi ikirudi. Kama hakuna badiliko, daktari anaweza kupandisha kipimo zaidi au kuongeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maana vimeng'enya vinahitaji utumbo usio na asidi nyingi. Anaweza pia kutafuta sababu nyingine, kama bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba. Mgonjwa anayetumia mofini anaweza kuwa na tatizo hilihili bila kuharisha, kwa sababu mofini hufunga choo. Kwake angalia uzito, gesi na rangi ya choo. Na kama ana kisukari, sukari ya damu inaweza kupanda vimeng'enya vikianza kufanya kazi. Hiyo ni dalili kwamba chakula sasa kinaingia, lakini dawa ya sukari itahitaji kupimwa upya.

Jambo la mwisho kwenye hili: pankreatini hutokana na kongosho la nguruwe. Kwa anayeona hilo linagusa imani yake, azungumze mapema na daktari pamoja na kiongozi wake wa dini, kuliko kuacha dawa kimyakimya. Tumeona bora kulisema kuliko mtu aje kuligundua kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi.

Sukari inalisha saratani?

*Mama ameambiwa ana kisukari na saratani ya kongosho ndani ya mwezi mmoja. Ndugu wanasema sukari na wanga vyote viondolewe ili saratani ife njaa. – Mtoto wa kiume*

Chembe za saratani hutumia glukosi kwa wingi, hiyo ni kweli. Lakini ukiacha wanga, ini hutengeneza glukosi kutoka kwenye protini, ikiwemo ya misuli. Uvimbe utapata yake. Atakayelala njaa ni mama.

Kisukari chake kina asili ya kongosho lenyewe. Insulini imepungua, na mara nyingi hata glukagoni, homoni inayopandisha sukari ikishuka, nayo imepungua. Ndiyo maana kumnyima wanga huku anameza dawa ya sukari au kuchoma insulini ni hatari: sukari ikishuka, mwili wake hauna wa kuiinua. Apate wanga kiasi katika kila mlo, akiusindikiza na protini na mafuta ili sukari ipande polepole. Soda na juisi tamu aziache kuwa kinywaji cha kila siku, azihifadhi kwa ajili ya sukari iliyoshuka. Akiwa amekonda, lengo la daktari kwa kawaida huwa kuzuia sukari kupanda mno au kushuka, si kusaka namba nzuri kwa gharama ya chakula. Metfomini, mojawapo ya dawa za sukari, huweza kuharisha na kukata hamu ya kula. Ikitokea hivyo, ulizeni kuhusu kubadilisha.

Manjano na mafuta ya samaki

*Nimeambiwa nitumie vidonge vya manjano vyenye pilipili manga, na mafuta ya samaki. Natumia jemsitabini (dawa ya kemo), na nachoma sindano ya kuzuia damu kuganda. Vipimo vyake ni vipi? – Mgonjwa*

Tuanze na manjano. Kurkumini iliyomo hutuliza mwako vizuri sana katika vyombo vya maabara, lakini mwilini hufyonzwa kidogo mno. Watafiti walijaribu gramu 8 kwa siku kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa, matokeo yakatoka mwaka 2008. Kati ya 21 waliopimika, wawili tu ndio waliooneshwa kunufaika. Ilipounganishwa na jemsitabini, katika utafiti wa 2010 wenye wagonjwa 17, watano waliacha kurkumini mapema kwa sababu ya tumbo kujaa na kuuma. Vidonge vyenye pilipili manga vinaongeza ufyonzaji, na pamoja nao kumeripotiwa ini kuumia. Ini lako lina kazi ya kutosha. Manjano kwenye chakula, nusu kijiko cha chai kwenye sufuria ya mchuzi, tumia bila wasiwasi. Vidonge, hapana, hasa ukiwa na sindano hiyo. Na vidonge vya dondoo ya chai ya kijani tunaviweka kundi hilohilo. Kikombe cha chai yenyewe hakina neno.

Mafuta ya samaki yana hoja nzuri zaidi, ila soma lebo kwa makini. Kinachotafutwa ni EPA, mojawapo ya mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye samaki; DHA ni nyingine. Tafiti nyingi zimelenga karibu gramu 2 za EPA kwa siku. Kapsuli ya kawaida iliyoandikwa miligramu 1,000 mara nyingi ina EPA miligramu 180 tu na DHA 120; kwa gramu 2 ungehitaji kapsuli 11. Ndiyo maana mtu anameza moja kwa siku miezi mitatu na hakuna kinachobadilika. Msirukie mafuta ya ini la chewa kufidia, maana vitamini A yake ikizidishwa ni sumu. Mbegu za kitani nazo zina omega-3 ya aina nyingine, na mwili hugeuza sehemu ndogo sana kuwa EPA.

Faida ni ya kiasi gani? Utafiti mkubwa uliotoka 2003 uliwapa wagonjwa 200 wa saratani ya kongosho kinywaji chenye protini, nusu yao kikiwa na EPA. Makundi yote mawili yaliacha kupungua kwa kasi, na EPA haikulishinda kundi la pili kwa ujumla. Wengi hawakumaliza kopo mbili walizopangiwa kwa siku. Wastani ulikuwa 1.4. Mwongozo wa ESPEN unayaruhusu mafuta haya kwa mgonjwa wa kemo anayepungua, kwa msisitizo hafifu. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliona mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza. Maoni yetu: kula samaki wenye mafuta mara mbili au tatu kwa wiki kwanza. Ukitaka kapsuli, tafuta yenye EPA nyingi, meza pamoja na mlo na vimeng'enya vyako, na mwonyeshe chupa daktari anayekuandikia sindano. Fizi zikitoka damu au michubuko ikitokea yenyewe, simamisha upige simu. Na mtu akikushauri ibuprofeni kwa ajili ya mwako, usijinunulie. Figo, tumbo na chembe za kugandisha damu zilizoshuka kwa kemo haziivumilii.

Siku za kemo

*Natibiwa kwa FOLFIRINOX (mchanganyiko wa dawa za kemo). Maji ya baridi yananichoma koo. Mke wangu ananitengenezea kachumbari mbichi na amenunua vitamini za kuongeza damu. – Mgonjwa*

Hilo la koo ni kazi ya oksaliplatini, dawa mojawapo ya mchanganyiko huo, inayofanya mishipa ya fahamu iogope baridi. Kwa siku tano hivi baada ya dripu, kunywa na kula vya uvuguvugu, usile barafu, na vaa glavu unapofungua friji.

Vitamini zisome upya. Vidonge vya kuongeza damu mara nyingi vina asidi ya foliki, na kipimo kikubwa cha foliki huzidisha makali ya fluorourasili iliyomo kwenye matibabu yako: vidonda vya mdomo, kuharisha, chembe nyeupe kushuka. Foliki ya kwenye mboga haina shida. Balungi liache, na dawa ya mitishamba iitwayo St John's wort isiguswe kabisa. Hubadilisha jinsi mwili unavyoshughulikia irinotekani, dawa nyingine ya mchanganyiko wako.

Kachumbari si marufuku. Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, tumia ubao tofauti na wa nyama, ile hapohapo. Vya kuacha ni mayai mabichi au yenye kiini cha majimaji, nyama isiyoiva katikati, maziwa yasiyochemshwa na chakula kilicholala nje ya friji zaidi ya saa mbili. Ukiharisha maji, ni tofauti na choo cha mafuta: irinotekani huweza kukukausha ndani ya siku moja. Kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, tumia loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kama ulivyoelekezwa, na homa ikifika nyuzi 38 nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Stenti kwenye utumbo

*Amewekewa stenti (kibomba cha kuacha njia wazi) kwa sababu chakula kilikuwa hakishuki. Aendelee na mboga na nafaka nzima?* Hapana. Stenti ya mwanzo wa utumbo mwembamba huziba kwa nyuzi na vipande. Ale laini: vya kupondwa, kusaga kwa blenda, mayai, samaki asiye na miiba, mtindi. Mboga zipikwe hadi zilainike kisha zisagwe. Maganda ya matunda, mabua ya mchicha na nyama yenye nyuzi viwekwe kando. Akae wima akila na nusu saa baadaye. Akitapika chakula cha jana, stenti huenda imeziba. Stenti ya mrija wa nyongo ni nyingine na haina mlo wake maalumu, lakini macho yakigeuka njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au akitetemeka kwa homa, ni dharura.

Mama hataki tena kula

*Saratani imesambaa, daktari amesema matibabu yamefikia mwisho. Mama anafunga mdomo nikimletea kijiko. Nalia, naye analia. – Binti wa mwisho*

Pole sana, mdogo wetu. Kwanza hakikisheni hakuna kinachotibika kinachomzuia: kichefuchefu, maumivu, choo kilichofunga, utando mweupe wa fangasi mdomoni. Hivyo vyote vina dawa hata sasa. Ipo pia dawa iitwayo olanzapini, miligramu 2.5 kwa siku, ambayo utafiti wa 2023 kwa wagonjwa wanaopewa kemo, wakiwemo wa kongosho, ulionyesha inarudisha hamu ya kula. Lakini wale walikuwa bado kwenye matibabu, na daktari ndiye wa kupima kama inamfaa mama.

Akifunga mdomo, chukua kijiko uweke chini. Katika siku hizi mwili hauwezi tena kugeuza chakula kuwa misuli, na kumlazimisha kunaleta kutapika na kupaliwa. Haondoki kwa sababu hukumlisha. Masharti yote ya mwako, sukari na mafuta yamekwisha kazi; akitamani aiskrimu vijiko viwili, mpe viwili, na kapsuli za vimeng'enya zibaki tu kama bado anakula vya kutosha kumfanya tumbo liume. Lowesha pamba au mswaki laini kwa maji, mpitishie kwenye ulimi na fizi kila baada ya saa moja au mbili, mpake mafuta midomoni. Mwinulie mto kidogo kabla ya kumpa tone lolote, na umsubiri ameze.